Kompyuta ya Mama, Kipande kwa Kipande

Katika chuo cha kompyuta kilichokuwa juu ya chumba cha mama, barabara ya Magongo, mtu alivua viatu kabla ya kuingia. Mlangoni palikuwa na rafu ya mbao kama ya msikitini, na ukutani karatasi iliyopigwa chapa: VUA VIATU, VUMBI HUUA KOMPYUTA. Wanafunzi waliingia na soksi, wakinyata, wakiongea kwa kunong'ona. Ndani mlikuwa na kiyoyozi, pazia zito, na mashine nne zilizofunikwa plastiki.

Nilipanda zile ngazi katikati ya miaka ya tisini, wiki chache baada ya chuo kikuu kufungwa kwa sababu ya mgomo na sisi wanafunzi kurudishwa makwetu kusubiri barua. Sikuvua viatu. Nilimwuliza mwalimu, kijana aliyevaa tai joto lote lile, vumbi la chini ya kiatu hupandaje mpaka juu ya meza.

"Dada, wewe si ndiye unayesoma chuo kikuu?"

"Ndimi."

"Na hawakukufundisha usafi?"

"Walinifundisha kuuliza."

"Basi vua kwanza, kisha uliza."

Nikashuka. Nilikuwa na umri wa kudhani kwamba mtu asipokujibu, umemshinda.

Mama alikuwa mpigataipu. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa ofisi, cha nyuma ndicho tulicholala. Alikuwa na taipu mbili, moja nzuri na moja ambayo herufi ya r iliruka juu ya mstari, na wateja wake wengi walikuwa maajenti wa kutoa mizigo bandarini, waliopanda kutoka Kipevu na mafaili kwapani. Aliwapigia orodha za shehena: kasha namba fulani, katoni ngapi, ndani mna nini, nakala tatu kwa kaboni. Namba moja ya kasha ikikosewa, ukurasa mzima ulirudiwa, au ulipakwa ile dawa nyeupe ya kufutia na kupigwa upya juu yake, ukatoka na makovu.

Ajenti mmoja, mtu mnene mpole, ndiye aliyetuletea kazi nyingi kuliko wengine wote pamoja. Bila yeye chumba kile kisingekaa miezi miwili. Siku hiyo alisimama mlangoni, hakuketi.

"Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi," alisema. "Lakini makarani kule hawataki tena karatasi zilizopakwa dawa. Wataka za kompyuta. Ukifika mwisho wa mwezi, mimi nitahamia juu." Akaelekeza kidole kwenye dari.

"Haya, baba," mama alimjibu. "Mwisho wa mwezi haujafika."

Alipoondoka, mama aliweka vidole juu ya taipu na hakubonyeza kitu. Nilikuwa sijapata kumwona amekaa hivyo.

Nikamwambia tutanunua kompyuta. Akaniuliza tutanunua kwa nini, kwa nywele zetu? Na ni kweli, madukani kule kisiwani Mombasa waliziuza nzima nzima, kwenye maboksi yenye picha, na hata tungeuza kitanda isingewezekana.

"Basi tutaiunda," nikasema. "Tutachagua kipande kimoja kimoja."

"Wewe? Wewe ulifungua redio ya babako ukashindwa kuifunga."

"Nilikuwa na miaka tisa, mama."

"Redio haikujua una miaka mingapi."

Alicheka, nami nikajua amekubali. Kesho yake aliiuza taipu nzuri. Sikumwomba aiuze. Nilirudi nikakuta mezani mahali pake pana alama nne za miguu ya mpira, na ile ya r ya kuruka imesogezwa kando kuachia nafasi kitu ambacho bado hakikuwepo.

Nilimpata fundi kule Bombolulu. Nilivuka kisiwa kizima nikatokea upande wa pili, na watu wakanionyesha kibanda chenye antena nyingi. Fundi alitembea kwa mikongojo. Zamani alikuwa akitengeneza hereni za shaba katika karakana za kule, na mikono iliyokuwa ikilehemu hereni sasa ililehemu redio, televisheni, na kompyuta zilizotupwa na maofisi. Alikuwa na sheria moja: kipande chochote alichouza kilijaribiwa kwanza mezani, juu ya kipande cha katoni, kikiwa wazi, kikafanya kazi muda wote ambao sufuria yake ya maharagwe ilikuwa ikichemka pale mlangoni.

"Kisichomaliza maharagwe hakitoki hapa," aliniambia. "Mteja akirudi kunitukana, nataka anitukane kwa jambo jingine."

Hiyo niliipenda. Ilikuwa sheria inayoweza kupimwa.

Nilikuwa na orodha nyuma ya karatasi ya mihadhara. Nilianza na prosesa, ile chipu inayofikiri kwa niaba ya mashine nzima. Fundi alikuwa nazo mbili, ya aina mpya iliyotangazwa magazetini na ya kizazi kilichotangulia.

"Hii mpya ina kasi gani?" nikauliza.

"Mara mbili."

"Mara mbili kwa kazi gani?"

"Kwa kazi yoyote."

"Mama anaandika herufi moja baada ya nyingine. Hii ya zamani itamchelewesha?"

Akanitazama. "Hiyo ya zamani itasinzia ikimsubiri."

Nikaichukua ya zamani. Memori nilichukua vijiti viwili, na kila kimoja nilitaka kijaribiwe peke yake, halafu vyote pamoja. Diski ya kuhifadhia kazi niliikataa ya kwanza kwa sababu ilikwaruza kama mtu anayetafuna mchanga. Fundi aliapa kwamba zote huwa hivyo, nikamwambia alete nyingine tusikilize, na ya pili ilikuwa kimya. Skrini nilichagua isiyo na rangi. Sijapata kuona shehena iliyoandikwa kwa rangi ya waridi. Kasha la mashine lilikuwa la chuma, pana, la kulala chali mezani ili skrini ikae juu yake, na bado lilikuwa na gundi ya kibandiko cha ofisi lilikotoka.

"Profesa," fundi akasema, akikoroga maharagwe, "tangu saa tatu wauliza. Hujanunua hata skrubu."

"Nanunua kwa kuuliza."

"Basi mimi nimeshafilisika kwa kujibu."

Printa ndiyo iliyotugombanisha. Yeye alitaka nichukue ile ya wino, iliyo nyepesi, isiyo na kelele, kama aliyonayo mwalimu wetu wa ghorofani. Mimi nilitaka lile dude zito la pini, linalogonga utepe kama taipu. Akasema nimerudi nyuma. Nikamwuliza ile ya wino hupitishaje maandishi kwenye kaboni. Akaitazama ile ya wino, akaisogeza pembeni. Wino hunyunyiziwa juu ya karatasi, haubonyezi kitu. Pini hugonga, na karatasi ya tatu chini husomeka. Kila mtu aliyekuwa akinisifia wino alikuwa amesahau kwamba maajenti huishi kwa nakala tatu. Pesa yetu kubwa kuliko zote iliingia kwenye lile dude, na sikujuta.

Kibodi nilimwachia mama. Tulienda naye Changamwe kwa muuzaji wa vyombo vya ofisi vilivyotumika, akaketi kwenye kreti, akafumba macho, na kuanza kuandika kwenye kibodi zisizochomekwa popote, moja baada ya nyingine. Watu walisimama kutazama.

"Hii herufi zake zalala," alisema. "Hii nayo kama kuandika juu ya mkate. Hii yaniuma. Ile ya manjano nipe."

"Hiyo ni kongwe, mama," muuzaji akasema. "Tena kelele zake!"

"Na mimi ni kongwe. Tena kelele zangu!"

Ilikuwa nzito kama tofali, na kila herufi ilipobonyezwa ilitoa mlio. Ndiyo tuliyoichukua.

Kwa fundi mashine yetu ilimaliza sufuria mbili za maharagwe bila kukohoa. Tuliileta Magongo, nikaiunganisha mbele ya mlango uliokuwa wazi, malori yakipita nje, na viatu miguuni. Nilihakikisha vinaonekana. Mwalimu alishuka ngazi makusudi akapita polepole.

"Mnaikaribisha kwenye vumbi," alisema.

"Imezoea. Ni mwenyeji wa hapa," nikamjibu.

Mama alisubiri nimalize. Kisha akatoka chumba cha nyuma na kitambaa alichokitarizi mwenyewe, kitambaa cha bafta nyeupe iliyokunjwa mara mbili, kilichotiwa wanga kikasimama, chenye maua mekundu pembeni. Nyumba yetu ilikuwa na vitambaa vya namna hiyo kila mahali: juu ya redio, juu ya viti, juu ya mtungi. Alikitandaza juu ya kasha, akanifanya niinue skrini ili kipite chini yake, kikaning'inia vizuri nyuma na ubavuni. Kingine kidogo akakiweka kichwani mwa skrini. Akarudi nyuma hatua mbili akaitazama.

"Sasa imekuwa kitu," alisema.

Siku ile ile ilikwama. Mama alikuwa ameandika kurasa tatu, akijifunza haraka kuliko nilivyotarajia, mara maneno yakaganda kwenye skrini na hakuna kilichobonyezeka. Niliizima nikaiwasha. Baada ya muda mfupi ikaganda tena. Kwetu haikumaliza hata sufuria ya wali.

Nilianza kuandika katika daftari: siku, saa iliyowashwa, saa iliyokwama. Nilishuku umeme. Nilitazama balbu siku nzima, haikupepesa. Nilishuku memori, nikatoa kijiti kimoja, kisha kingine. Nilishuku ile diski iliyokuwa kimya mno. Nilimshuku muuzaji wa Changamwe, na usiku mmoja, nakiri, nilimshuku fundi na maharagwe yake. Jumatano nililibeba kasha mgongoni kama mtoto, nikavuka nalo hadi Bombolulu. Fundi aliliwasha mezani, akateleka sufuria, tukakaa. Maharagwe yakaiva. Akateleka nyingine. Ikaiva nayo.

"Mashine haina ugonjwa," alisema. "Ugonjwa uko kwenu."

Alhamisi mashine iliamka vizuri na ikafanya kazi kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Nikadhani safari imeiponya. Ijumaa ikaganda mara nne.

Mwalimu alisikia. Ghorofani husikika kila kitu. Alikuja akaegemea fremu ya mlango, miguu yake nje.

"Nilikwambia, dada. Lakini wewe msomi."

Jumamosi, mama alipokwenda sokoni, nilifunga mlango. Nilipiga deki sakafu mara mbili. Nikavua viatu, nikavisukuma chini ya kitanda asivione mtu, nikaketi mbele ya ile mashine miguu mitupu kama wale niliokuwa nikiwacheka. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia watu wakijisifu kwamba hawakuyumba. Mimi niliyumba. Nilikaa pale miguu ikiwa na baridi, nikiomba kitu nisichokiamini kifanye kazi.

Iliganda kabla sakafu haijakauka. Sijapata kufurahia hasara kiasi kile.

Jumapili ilikuwa siku yetu ya mwisho. Ajenti alikuwa ameahidi kuja Jumatatu asubuhi na orodha ya meli nzima, tumpe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo apande ngazi. Mama aliivuta ile taipu ya r ya kuruka akaanza kuifuta mafuta, na mimi nikajua maana yake: alikuwa akijiandaa kushindwa bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilifungua daftari. Siku zote mashine ilikwama, isipokuwa Alhamisi.

"Mama, Alhamisi tulifanya nini?"

"Tulifanya nini? Wewe ulikaa hapo. Mimi nilifua."

"Ulifua nini?"

"Vitambaa. Kila Alhamisi nafua vitambaa, Ijumaa ikute nyumba safi. Tangu uzaliwe. Leo ndiyo waniuliza?"

Niligeuza kichwa kwenye mashine, niliyokuwa nimeiacha ikiwaka. Kitambaa kilikuwa mahali pake, kimepigwa pasi, kimesimama kwa wanga, kimeziba matundu ya ubavuni yote. Nilipeleka mkono nyuma ya kasha, palipo na feni ndogo ya kutoa joto. Feni ilikuwa ikipuliza kwenye maua mekundu, na hewa ikirudi ndani ilikotoka. Chuma kilikuwa cha moto kama birika. Kule Bombolulu ilikuwa ikikaa uchi juu ya katoni.

Nikakivuta kitambaa. Mama akasimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiua."

"Hujaiua. Umeifunika."

"Kitu kilichoniuzisha taipu yangu, nikiache uchi? Watu waingie waone mabati?"

"Waone."

Alikichukua kitambaa mkononi mwangu, akakikunja taratibu. Alikuwa ameumia, na alipoumia alisema kwa sauti ndogo.

"Umepita Mombasa yote ukisumbua watu kwa maswali. Fundi wa watu hujamwacha apumue. Mwalimu wa watu umemtukana. Kitambaa changu hukukiuliza hata swali moja?"

Nilikuwa nimekiangalia siku zote bila kukiona, kama ninavyopita mlango wa nyumba yetu. Nilifungua skrubu nikaondoa mfuniko mzima wa kasha, nikausimamisha ukutani, na mama, bila kuambiwa, akaenda kuleta feni ya mezani kutoka chumba cha kulala akaielekeza kwenye waya na chipu zilizokuwa wazi. Tukaiwasha. Akateleka maharagwe. Yakaiva, na mashine haikuganda.

Ajenti alikuja Jumatatu kabla ya saa tatu, akatazama mashine iliyofunguliwa tumbo, akatazama feni, akanitazama mimi.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," mama akasema. "Lete karatasi."

Mama aliandika mpaka adhuhuri, akaswali, akaandika tena. Ile kibodi ya manjano ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mimi nilisoma namba za makasha kwa sauti, yeye akaandika bila kuinua kichwa. Tulikuwa karibu kumaliza ajenti aliporudi mbio, jasho likimtoka: kasha moja limebadilishwa, na namba yake imo kwenye kurasa kumi na kitu.

"Basi imekwisha," alisema, akaketi kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Mama alibonyeza nilivyomfundisha, akaandika namba ya zamani, akaandika mpya, na kurasa zote zikageuka mara moja. Niliwasha printa. Lile dude likaanza kugonga, meza ikatetemeka, karatasi zikatoka na kaboni zake. Ajenti alifunua mpaka nakala ya tatu, akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Yasomeka," alisema. "Ile printa ya ghorofani niliijaribu wiki jana, kumbe haitoi kaboni. Kila nakala yachapwa peke yake, na wino wachuruzika ukishikwa na jasho." Akaguna, kama mtu aliyesema zaidi ya alichokusudia.

Kelele zilimleta mwalimu. Alisimama kizingitini akitazama lile kasha lisilo na mfuniko, vumbi la malori likipita kwenye mwanga juu yake. Alitaka kuona karibu. Akainama, mkono ukaenda kwenye kamba za kiatu wenyewe, kwa mazoea.

"Ingia na viatu vyako, mwalimu," mama akasema, macho kwenye karatasi. "Hapa twapiga deki sakafu."

Akaingia. Kwa haki yake, alikaa na sisi nusu saa, akaniuliza kuhusu printa ya pini, akasikiliza majibu. Karatasi yake ya VUA VIATU ilibaki ukutani kwa miaka, na mimi kila nilipopanda zile ngazi nilipanda na viatu.

Ajenti aliondoka kabla ya saa kumi. Aliacha faili jingine juu ya meza bila kusema ni la lini, na mama alilivuta upande wake kwa kidole kimoja.

Kisha alienda nyuma, akarudi na kitambaa cha maua mekundu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Alikitandaza juu ya ile taipu ya r ya kuruka, akakinyoosha pembe, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii haiwaki," alisema. "Hii acha ivae."